Kalsedonia 451: walioshindwa mtagusoni ndio waliobaki Afrika

Oktoba mwaka 451, ndani ya kanisa la Mtakatifu Eufemia pale Kalsedonia, ng'ambo tu ya maji ukitokea Konstantinopoli (siku hizi panaitwa Kadıköy, ni sehemu ya jiji la Istanbul), kwenye mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa), maaskofu 13 wa Misri waliitwa mbele ya wenzao mamia wakaambiwa wasaini barua ya Papa Leo wa Roma kuhusu umungu na ubinadamu wa Kristo. Wakagoma. Na hawakugoma kifua mbele, waliomba huruma. Walisema tukisaini hiki kitu tukirudi kwetu tutauawa, tuhurumieni, afadhali tufe hapahapa mikononi mwenu kuliko kwenda kuuawa nyumbani. Wenzao wakawapigia kelele, wakaitwa wazushi, wao wakang'ang'ania kwamba kwa desturi ya Misri askofu haamui jambo kubwa bila askofu mkuu wa Aleksandria, na askofu mkuu wao Dioskoro alikuwa ameshavuliwa cheo siku chache tu kabla. Mwisho wakaambiwa haya, bakini hapa mjini msitoke mpaka Aleksandria ipate mkuu mpya.

Hii picha haijanitoka kichwani toka niisome. Wazee 13 wanajua kitu ambacho hao mamia wengine hawataki kukisikia, kwamba kule nyumbani waumini wa kawaida hawatakubali, na muhuri wa Kaizari hautabadilisha hilo.

Ukiuliza watu historia ya Ukristo iligeukia wapi, wengi watakutajia Konstantino, wengine watasema 1054 (Roma na Konstantinopoli kutengana), wengine wataruka moja kwa moja mpaka Luther. Mimi nasema ni hapo Kalsedonia, na nasema hivo nikiwa Mkatoliki, yaani nasali upande ulioshinda. Pale ndo Ukristo wa Misri ulipoachana na Ukristo wa serikali, na ukifuatilia karne zilizofuata utakuta kwenye bara letu upande ulioshindwa ndo uliodumu, huku makanisa ya upande ulioshinda yakafutika karibu yote. Ile hoja ya "Ukristo ni dini ya mzungu, ulikuja na meli" inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kila Pasaka na kila Krismasi, naona mzizi wake ni huu huu, kwamba tumefundishwa historia ya upande mmoja tukadhani ndo historia yote.

Kaizari Konstantino nimalizane naye haraka. Mwaka 313 yeye na Kaizari mwenzake Licinius walikubaliana Wakristo wasisumbuliwe tena na warudishiwe mali zao, hawakuufanya Ukristo kuwa dini ya dola, hilo lilifanywa na Theodosio mwaka 380. Na kwenye mtaguso wa Nisea mwaka 325 hawakukaa kuchagua vitabu vya Biblia, jamani hii meseji imechosha. Nisea walijadili mafundisho ya Ario kuhusu Mwana na Baba, tarehe ya Pasaka na mambo ya nidhamu. Orodha ya kwanza inayotaja vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyonavyo leo, bila kuongeza bila kupunguza, ilitoka mwaka 367 kwenye barua ya Pasaka ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, akiwaandikia watu wake wa Misri. Huyu Atanasi alifukuzwa kwenye kiti chake mara tano, ukijumlisha ni miaka kama 17 ya kuishi uhamishoni na kujificha jangwani kwa wamonaki, na yale maneno tunayosali Jumapili "mwenye umungu mmoja na Baba" yalisimama kwa sehemu kubwa kwa sababu yeye hakukubali kuyaachia hata makaizari walipompa presha. Kwahiyo Aleksandria haikuwa parokia ya kijijini inayosubiri maelekezo kutoka Ulaya, kwa karne mbili tatu ndo ilikuwa inaongoza kwa elimu ya imani.

Ila Konstantino aliacha kitu kimoja ambacho madhara yake yalionekana baadae: Kaizari ndo anaitisha mtaguso, Kaizari ndo anawagharamia maaskofu usafiri, na ukiisha Kaizari ndo anaupa uamuzi nguvu ya sheria na askari.

Sasa turudi Kalsedonia, waligombania nini hasa? Waligombania kihusishi. Nasema kweli kabisa. Wamisri walikuwa tayari kusema Kristo anatoka "kutoka asili mbili", ya Mungu na ya mtu, zikaungana zikawa kitu kimoja. Papa Leo na upande wake walitaka isemwe Kristo yupo "katika asili mbili". Kwa Kigiriki ni ek na en, herufi mbili mbili. Rasimu ya kwanza ya tamko ilivyosomwa maaskofu wengi waliipenda wakashangilia, wajumbe wa Papa wakasema kama hamfuati barua ya Leo tupeni barua zetu turudi kwetu, mtaguso ukafanyikie Italia. Maofisa wa Kaizari ndo wakawauliza maaskofu, Dioskoro anasema hivi na Leo anasema hivi, nyie mnamfuata nani? Ukijiweka kwenye kiti cha askofu siku ile, Dioskoro ameshavuliwa cheo, maofisa wa serikali wako mbele yako, utajibu nini? Wakajibu tunaamini kama Leo. Tarehe 25 Oktoba Kaizari Marciano akaja mwenyewe likatangazwa.

Kwa Wamisri kusema asili mbili baada ya muungano ilisikika kama kumrudisha Nestorio (askofu wa Konstantinopoli aliyeonekana kumgawa Kristo kuwa wawili) kwa mlango wa nyuma, na Nestorio alishalaaniwa Efeso mwaka 431 kwa kazi ya askofu wao Sirili, miaka 20 tu nyuma. Sirili ndo aliwafundisha kusema "asili moja ya Mungu Neno aliyefanyika mwili". Upande wa Leo nao wakisikia "asili moja" walimsikia Eutike, yule mmonaki wa Konstantinopoli aliyeonekana kufundisha kwamba ubinadamu wa Kristo umemezwa na umungu. Kila upande ulimsikia mwenzake akisema kitu ambacho hakukisema, na hilo sisemi mimi, nitalirudia chini.

Haki itendeke, Dioskoro hakuwa malaika. Miaka miwili kabla, Efeso mwaka 449, aliendesha mtaguso kwa ubabe mpaka askofu Flaviano wa Konstantinopoli akavuliwa cheo katikati ya vurugu akafa muda mfupi baadae, na Papa Leo akauita mkutano ule wa wanyang'anyi. Hivyo Kalsedonia kulikuwa na visasi, na kulikuwa na siasa ya vyeo pia, maana mtaguso huohuo uliithibitishia Konstantinopoli nafasi ya pili baada ya Roma, nafasi ambayo Aleksandria iliiona ni yake toka zamani (Papa mwenyewe alikikataa hicho kipengele). Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui, askofu Anatolio wa Konstantinopoli alisimama mlemle mtagusoni akasema Dioskoro hakuvuliwa cheo kwa ajili ya imani, alivuliwa kwa kumtenga Leo na kwa kuitwa mara tatu asifike. Halafu huyohuyo mtu imani yake ikaja kuhesabiwa uzushi kwa miaka elfu moja na mia tano.

Wale wazee 13 walikuwa sahihi. Serikali ilivyompeleka Proterio kuwa askofu mpya Aleksandria, mji ulilipuka. Askari walifukuzwa na umati wakakimbilia kwenye jengo la zamani la hekalu la Serapis, wakachomwa moto wakiwa hai mlemle ndani. Serikali ikaleta askari wapya 2,000, ikakata mgao wa ngano, ikafunga mabafu ya umma na michezo, yaani adhabu ya mji mzima. Mwaka 457 Marciano alipofariki tu, Proterio akauawa na umati Juma Kuu lenyewe, mwili ukaburuzwa mitaani na kuchomwa. Inauma kusoma, watu waliobatizwa wanamfanyia hivo askofu. Siwatetei hata kidogo. Ila ukitaka kujua jinsi kihusishi kimoja kilichopitishwa kwa nguvu ya dola kinavyogeuka damu, jibu ndo hilo.

Baada ya hapo Misri ikawa na makanisa mawili. Moja lina patriaki (askofu mkuu) anayeteuliwa na Kaizari, lina majengo makubwa na askari mlangoni, na wasali wake wengi ni maofisa na watu wa mjini wanaoongea Kigiriki. Lingine lina watu, lina vijiji, lina monasteri za jangwani, na linasali zaidi na zaidi kwa Kikopti, lugha ambayo mama anaongea na mtoto jikoni. Hilo la pili lilikuwa halina kitu cha serikali hata kimoja, na kwa maoni yangu hapo ndo pona yake ilipokuwa.

Kuna stori moja ya wakati wa Justiniano naipenda sana. Kaizari Justiniano alikuwa upande wa Kalsedonia, mke wake Theodora alikuwa upande wa waliokataa Kalsedonia, ndani ya nyumba moja. Kama mwaka 543 kila mmoja akaandaa wamisionari wake waende Nubia, huku kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudani ya leo. Theodora akamwandikia gavana wa kusini mwa Misri awacheleweshe watu wa mumewe, padri wake Juliano akatangulia kufika. Na huyu Juliano alisimulia joto la kule lilivyokuwa, kwamba toka saa tatu mpaka saa kumi alikuwa anajificha kwenye mapango yenye maji, amekaa humo amejifunga kitambaa tu kama wenyeji, na akiwa humohumo anafundisha na kubatiza. Na hizo saa tatu na saa kumi ni saa zetu hizihizi, za zamani zile walihesabu kuanzia jua kuchomoza kama sisi, wala huna haja ya kubadilisha. Miaka kama 950 kabla ya Mreno yeyote kukanyaga Mombasa, mtu kajifunga kitambaa kwenye maji ya pangoni Afrika anaeleza Injili, na katumwa na upande ulioshindwa.

Na ilishika. Nubia ilikuja kuwa chini ya patriaki wa Kikopti, yaani wa lile kanisa la Misri lililokataa Kalsedonia, na wakati majeshi ya Waarabu yalipofika Dongola, mji mkuu wa Nubia, mwaka 652 yalikuta wapiga upinde wasioshindika, wakaishia kufanya mkataba uliodumu zaidi ya miaka 600. Miaka ya 1960 bwawa la Aswan lilipokuwa linakuja kufunika kila kitu, wataalamu wa Poland wakiongozwa na Kazimierz Michałowski walichimba Faras wakakuta kanisa kuu limefukiwa na mchanga, ukutani kuna picha zaidi ya 100. Mojawapo iko Warsaw sasa hivi, ni ya askofu Petros amesimama mbele ya Mtakatifu Petro mtume, mtume kapakwa rangi nyeupe, askofu kapakwa rangi yake mwenyewe, nyeusi, kavaa mavazi yake ya kiaskofu yamepambwa vizuri na mkono wa mtume uko begani kwake. Mi hiyo picha nimeihifadhi kwenye simu, mtu akiniletea ile hoja ya dini ya mzungu namtumia bila maelezo. Ukristo wa Nubia ulikuja kuzimika polepole, jumba la enzi la Dongola lilifanywa msikiti mwaka 1317, lakini hizo ni karibu karne nane, ndefu kuliko muda ambao Ukristo umekaa Tanganyika na Kenya mara nyingi tu.

Ethiopia wengi tunaijua kwahiyo sitakaa sana. Mfalme Ezana karne ya nne akaweka msalaba kwenye sarafu zake, Atanasi akamweka Frumensio kuwa askofu wao, na toka hapo waliendelea kupokea askofu wao mkuu kutoka Aleksandria ya Kikopti mpaka walipopata patriaki wao wenyewe mwaka 1959.

Sasa Waarabu. Wapo wanaosema Wakopti ndo waliwafungulia mlango Misri kwa chuki ya Kalsedonia. Mimi siikubali moja kwa moja, miji mingine ilipigana, na raia wa kawaida wakati wa vita anatafuta kupona tu. Lakini ona miaka kumi iliyotangulia ushindi wao. Kaizari Heraklio alimpa mtu mmoja, Siro, upatriaki na ugavana kwa pamoja, na kazi yake ikawa kuwalazimisha Wakopti wakubali. Patriaki wao Benyamini akakimbia mwaka 631 akajificha kwenye monasteri za kusini. Kumbukumbu za Wakopti zinasimulia kaka yake, Mina, alikamatwa akaunguzwa mbavuni kwa mienge mpaka mafuta ya mwili yakadondoka chini, akang'olewa meno, akatiwa kwenye gunia la mchanga akapelekwa baharini, akaulizwa mara tatu kama anakubali Kalsedonia, mara tatu akakataa, akazamishwa. Aliyemwandikia Benyamini barua ya usalama kwamba rudi ukae na watu wako hakuwa Kaizari Mkristo, alikuwa Amr ibn al-As, kamanda wa Waarabu walioiteka Misri. Benyamini akarudi baada ya miaka 13 ya kujificha. Kwa mtu anayeamini kama mimi hili ni gumu kulimeza, na nadhani tusilimeze kirahisi.

Halafu linganisha na Karthago. Kanisa la Afrika Kaskazini, Tunisia na Algeria ya leo, ndo lilimtoa Tertuliano, Sipriani, Agostino, ndo la Perpetua na Felista waliouawa uwanjani mwaka 203. Mwaka 411 Wakatoliki na Wadonati (Wakristo wa hukohuko waliojitenga nao) walipokutana Karthago kwa mdahalo walikuwa na maaskofu zaidi ya 550 kwa pamoja, ukanda mmoja wa pwani. Hili ni kanisa lililokubali Kalsedonia, la upande wa Roma. Mwaka 1053 Papa Leo IX anaandika kwa masikitiko kwamba wamebaki maaskofu watano. Mwaka 1076 Papa Gregori VII anasema hawapatikani hata watatu wa kumweka mwenzao wakfu. Kisha kimya. Sababu ni nyingi najua, Wavandali, vita, watu kukimbilia Italia, kodi, ndoa, makabila mapya kuhamia. Lakini Misri nayo ilipata kodi, ilipata mateso, ilipata kila kitu, na leo kuna mamilioni ya Wakopti. Tofauti naiona hapa: Karthago walisali kwa Kilatini na hatuna Biblia waliyoiacha kwa Kiberiberi, Misri walikuwa na Maandiko kwa Kikopti toka mapema kabisa. Na Misri walikuwa wameshazoea karne mbili kuishi bila serikali, tena wakiwa na serikali iliyo kinyume nao. Dola ilipoondoka, kanisa la dola liliondoka nayo. La kijijini lilibaki palepale.

Alama za huo Ukristo wa mashariki tunazo mdomoni kila siku wala hatujui. Askofu ni neno la Kigiriki lililopita kwenye Kiarabu likatufikia, Injili vilevile. Kanisa na kasisi yalitoka kwa Wakristo wa Kiaramu na Kisiria, kanisa kwao lilikuwa na maana ya kusanyiko na kasisi maana yake mzee, Waarabu wakayachukua, na Waswahili wakayapata kwa Waarabu. Padri ndo tulipewa na Wareno. Yaani mkatekista akisema "askofu anakuja kanisani kusoma Injili", maneno matatu kati ya hayo yalitokea mashariki, hakuna hata moja lililopitia Ulaya magharibi kuja kwetu.

Kuhusu 1054 naona tunaikuza kupita kiasi. Kardinali Humberto aliweka hati ya kutenga juu ya altare ya Hagia Sophia, kanisa kuu la Konstantinopoli, tarehe 16 Julai, lakini Papa aliyemtuma alikuwa ameshafariki toka Aprili, na aliowatenga ni patriaki na wenzake, sio kanisa zima. Kilichoua undugu wa Roma na Konstantinopoli ni Aprili 1204, wanajeshi wa msalaba walipouvamia mji wa Wakristo wenzao wakaiba mpaka vyombo vya altare. Mtu aliyezaliwa Konstantinopoli mwaka 1060 angeishi maisha yake bila kuona tofauti kubwa, ila aliyeishi 1204 alimsimulia mjukuu wake.

Nimesema nitarudi kwenye ile pointi ya kusikiana vibaya. Tarehe 10 Mei 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walisaini tamko la pamoja Vatikano, wakakiri Kristo ni Mungu kamili na mtu kamili, umungu wake na ubinadamu wake vimeungana bila kuchanganyika na bila kutengana. Ukilisoma unajiuliza Mina alizamishwa kwa ajili ya nini.

Na hili jambo liko karibu nasi kuliko tunavyofikiri. Nairobi ukipita Ngong Road utaiona hospitali ya Wakopti, hao ndo upande wa Dioskoro, askofu wao wa kwanza wa kazi za Afrika alifika Kenya miaka ya 70. Sogea mpaka Riruta, kuna seminari ya Waorthodoksi, hao ni upande wa Proterio, chini ya patriaki wa Kigiriki wa Aleksandria, na waliingia Kenya kwa njia ya ajabu, ni Wakikuyu waliojitoa kwenye makanisa ya wamisionari wakatafuta kanisa la zamani lisilotawaliwa na wakoloni wao, Aleksandria ikawapokea mwaka 1946. Wakuu wote wawili wanaitwa Papa na Patriaki wa Aleksandria. Wote wawili wanasema wamekaa kwenye kiti cha Marko. Waumini wao wanapanda matatu zilezile, wanakutana sokoni, wanaoana.

Kwenye kuoana ndo kuna habari. Mwaka 2001 hao mapatriaki wawili walisaini makubaliano kwamba ndoa iliyofungwa kwenye kanisa la mmoja itambuliwe kwenye kanisa la mwingine, mtu asibatizwe upya eti kwa sababu ameoa upande wa pili. Komunyo bado hawashiriki pamoja. Kutoka Kalsedonia mpaka hiyo saini ilikuwa imepita miaka 1,550.